Mwizi Mwenye Adabu

Mwanangu,

Pokea salamu za baba yako, na ukishazipokea vuta kiti ukae, maana karatasi hii ni ndefu. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika asubuhi, lakini nikiukemea unanyamaza. Macho yangu ni mazima kabisa, hilo liweke akilini, nitalirudia. Wewe hujambo? Mkeo hajambo? Na wanao, ambao nimewasikia sauti tu wakigombania simu, hawajambo? Natumaini mko wazima nyote, ingawa sijui ukifika mwisho wa barua hii utakuwa unajisikiaje.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Utasema mzee ana simu, anahangaika na stempu za nini. Nimeandika kwa mkono makusudi. Mwandiko huu unaujua tangu utoto wako, ndio uleule wa kwenye vibati vya funguo pale dukani, herufi zimelala upande kama zimechoka. Hakuna anayeweza kuuiga, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu angependa kuandika hivi. Kwenye simu siku hizi mtu yeyote anaweza kuwa mimi. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie, angemaliza haraka, lakini mambo ya humu sikutaka yapite kwenye mkono wa mtu mwingine.

Nianze mwanzo. Wewe unajua mimi ni nani katika mji huu. Watu wananiita Mzee Kitasa, na hawaniiti hivyo kwa kunitania. Ule mlango wa chuma wa ghala la nafaka, uliowashinda mafundi wa miji miwili, niliufungua nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na jasho halikunitoka. Na kanuni yangu unaijua, nilikufundisha kabla hata hujaweza kushika tupa. Mtu akija akasema amejifungia nje, simfungulii kwa sababu ya suti yake wala kwa sababu analia. Namwambia aniambie ndani kuna nini. Kitanda kiko upande gani, pazia lina rangi gani, juu ya kabati kumewekwa nini. Akijibu bila kubabaika, namfungulia. Akibabaika, nachukua mfuko wangu naondoka. Kwa kanuni hiyo sijawahi kumfungulia mwizi mlango, tangu ujana wangu mpaka mwaka huu.

Ulipoondoka nilifungua ukurasa kwenye mtandao. Huo unaujua, ndiko ulikokuwa unaniandikia. Alinifungulia Mama Chaja, fundi wa simu ambaye kibanda chake na duka langu vimeshikana ukuta. Alihamia hapo baada yako, kwa hiyo humjui. Mikono yake ni myepesi, mdomo wake ni msumeno. Nilimwambia anifungulie ili watu waone kazi yangu, na watu wakaona. Nikiweka picha ya kitasa nilichokifufua, vidole gumba vinamiminika. Nikaweka picha za duka, za mlango wetu wa bluu, za kile kibao kilichopinda. Nikaweka siku yangu ya kuzaliwa ili wanipongeze, wakanipongeza. Nikaweka picha ya marehemu mama yako na mwezi aliotuacha. Na siku nikiwa na hasira nakuweka na wewe, kwamba nina mtoto mmoja wa kiume aliyenikimbia kwa ajili ya kufuli za betri, na amehamia mji mwingine.

Mama Chaja alinionya. Aliniambia, mzee, unadhani uko sebuleni kwako, kumbe uko barabarani na spika mkononi, kila apitaye anakusikiliza. Akaniuliza neno langu la siri ni lipi, kisha akaziba masikio kabla sijajibu, akasema hata yeye nisimwambie. Akauliza tu kama nalitumia mahali pengine. Nikamwambia kwa kujisifu kwamba ni jina la marehemu mke wangu, nalitumia kila mahali, kwenye ukurasa, kwenye barua za mtandao, kila mahali, ili nisilisahau. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akasema, wewe uliyekataa kuwauzia majirani wawili kufuli za ufunguo mmoja, leo nyumba yako nzima ina ufunguo mmoja, na umeubandika mlangoni na picha yake! Nilimjibu ashughulike na chaja zake. Nikamwambia wezi wananiogopa mimi.

Sasa siku hiyo nilikuwa nachonga ufunguo wa mwenye duka la viatu, naye amesimama palepale anasubiri. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya kijana, laini, ina adabu ambayo vijana wa mtaani kwetu hawanayo. Akaniamkia shikamoo, akaniita mzee wangu. Akasema yeye yuko ofisini kwa hao wanaosimamia zile kurasa, na kwamba kuna mtu anajaribu kuniibia wangu, anasukuma mlango saa hiihii. Akasema ananitumia namba kwenye ujumbe, nimsomee, yeye aufunge mlango kwa ndani.

Usidhani nilikubali kama mtoto. Nilimkazia sauti. Nikamwambia, wewe kama kweli unasimama ndani ya nyumba yangu, niambie ndani kuna nini. Mwenye duka la viatu akatikisa kichwa kwa kunisifu. Na yule kijana akajibu. Akataja jina la marehemu mama yako na mwezi aliofariki. Akataja siku niliyozaliwa. Akasema mlango wa duka ni wa bluu na kibao kimepinda upande wa kushoto. Akasema nina mtoto mmoja wa kiume, hatuelewani, na kwamba anasikitika kwa hilo. Hakubabaika hata mara moja. Mwanangu, nilimsifu. Nilimwambia, wewe ni mtu wa kazi.

Haikunijia kichwani kwamba yote aliyoyataja nilikuwa nimeyaanika mwenyewe. Kanuni yangu ni ya nyumba zenye kuta. Mtu akiwa amezibomoa kuta zake kwa mikono yake, kila apitaye anajua pazia lina rangi gani.

Ujumbe ukaingia. Namba zilikuwa juu, na chini yake palikuwa na maneno. Kusoma kwangu unakujua, nakokota neno moja moja kama ninayeburuta gunia la saruji. Nilipozipata namba nikaona nimemaliza kazi. Nikamsomea kwa sauti ya juu, ya mtu aliyeshinda. Yale maneno ya chini Mama Chaja alikuja kunisomea baadaye. Yalisema usimpe mtu yeyote namba hii, hata akidai ni mfanyakazi wetu. Yalikuwa hapo hapo, chini ya kidole changu.

Kijana akanishukuru, akaniombea maisha marefu, akakata simu. Nilipotaka kuweka picha ya ule ufunguo wa duka la viatu, ukurasa ukanikataa. Nikaandika jina la mama yako, ukakataa. Nikaandika tena, ukakataa. Mimi, niliyewafungulia watu wa mji mzima, nimefungiwa nje ya mlango wangu. Unafikiri nilimwambia mtu? Mama Chaja alikuwa nyuma ya ukuta, ningegonga tu angekuja. Sikugonga. Nilijisemea mtandao wa leo mbovu. Kesho yake pia nikasema mtandao mbovu. Niliona aibu, na muda wote nilioona aibu yule mtu alikuwa amekaa ndani ya nyumba yangu, amevaa nguo zangu, anazungumza na watu wangu.

Aliyenitoa ni kinyozi. Alikuja dukani anacheka, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamuuliza kwa nini niumwe. Akasema amepata ujumbe wangu, naomba anisaidie pesa za kupasuliwa macho, na umeanza hivi, ndugu yangu mpendwa, tafadhali. Akasema, mzee, nilipoona mpendwa nikashtuka, nilipofika kwenye tafadhali nikajua ama umekufa ama umeibiwa. Wote waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Hakuna hata mmoja wao aliyetuma kitu, maana wote walijua Mzee Kitasa hana maneno kama hayo. Nilicheka nao. Kicheko chenyewe kilikuwa kama kutapika.

Mama Chaja hakucheka. Alinitukana kwanza, kwa heshima zote, akianza kila tusi na neno baba. Akaniuliza kwa nini sikugonga ukuta. Kisha akafunga kibanda chake, akafukuza wateja wawili, akaanza kazi. Alipiga picha kitambulisho changu, akapiga picha uso wangu, akaandikiana na watu wasioonekana, akangoja, wakamkatalia, akaanza upya. Nilirudishiwa ule ukurasa baada ya muda mrefu. Akanilazimisha kutunga neno la siri jipya, refu, lisilo jina la mtu aliye hai wala aliyekufa, na kila mahali pawe na la kwake. Akaweka na mlango wa pili, kwamba hata mtu akilijua neno, bado anahitaji namba nyingine inayokuja kwangu tu. Akanikalisha kitako kama mtoto wa chekechea, nikawa narudia. Namba inayokuja kwenye simu yangu simsomei mtu, hata akiwa na sauti ya malaika. Anayenipigia akanihimiza nifanye haraka, nakata. Anayeniomba kitu kwa maandishi, hata akiwa ndugu, nampigia nimsikie. Nikishtuka kwamba nimeibiwa, nasema siku hiyohiyo, na aibu nitaiona baadaye.

Hilo la mwisho alilirudia sana. Akanipa kazi nimwambie kila mtu aliyeandikiwa katika zile siku kwamba aliyeandika hakuwa mimi. Nikawatumia wote sauti yangu, mmoja mmoja. Kinyozi, mwenye duka la viatu, wateja wa zamani, hata shangazi yako ambaye hatusemeshani.

Nikamwambia Mama Chaja nimemaliza. Nilimdanganya. Kuna mmoja sikumwambia, na ndiye anayesoma karatasi hii.

Mwanangu, yale maneno si yangu. Ule ujumbe uliokufika, ulioanza, mwanangu, nilikosea, sikuuandika mimi. Kwamba nilikutupia boksi lako la kufuli za betri barabarani mbele ya wateja, na wewe ulikuwa unataka tu kunionyesha kitu ulichokipenda, sikuandika mimi. Kwamba nakuomba msamaha kabla sijapoteza nuru ya macho, sikuandika mimi. Macho yangu hayajaguswa na daktari. Ninaona tundu la ufunguo kutoka upande wa pili wa barabara. Hata jina lako kwenye ule ukurasa alilibadilisha. Mimi nilikuwa nimekuandika Mtoro, najua uliliona kwa miaka yote hiyo. Yeye akafuta, akaandika Mwanangu.

Kwanza nilijiuliza habari za lile boksi alizijuaje, maana hizo sikuwahi kuzianika. Nikapandisha juu kwa kidole, nikapandisha, nikakuta jumbe zako. Ulikuwa unaniandikia. Ulinieleza ile siku ilivyokuwa kwa upande wako. Ulinieleza ulivyolala kituo cha basi. Mtoto wako wa kwanza alipozaliwa uliniandikia kabla ya wakwe zako. Mimi nilikuwa nikiona ujumbe wako ni mrefu naufunga, nasema Mtoro ameanza tena. Yule mwizi alizisoma zote. Alikaa chini, akazisoma neno kwa neno, ili ajue akushike wapi. Mgeni, tena mwizi, amesoma jumbe zako zote, na baba yako hakuwa amesoma hata moja. Ndiyo maana uliamini. Kinyozi alinijua kwa ubaya wangu akaokoka. Wewe ulikuwa umengoja maneno hayo muda mrefu mno, na yalipokuja hukuuliza yametoka wapi.

Ukauza pikipiki yako ya kazi, ukatuma pesa za macho yangu. Ukatuma na picha ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, kwa sababu alikwambia hospitali inaitaka. Nilisikia ulivyosema, kwa sauti yako, unacheka, kwamba sasa unakwenda kwa wateja kwa miguu na sanduku la vyombo begani, na bega lako linaanza kuinama kama la Baba. Hiyo sauti nimeisikiliza hadi betri imekwisha, nikachomeka, nikaisikiliza tena.

Siku niliporudishiwa ukurasa nilipaswa kukupigia. Nilikuwa bado sijakupigia ulipotuma ujumbe mpya, unauliza, Baba, macho yanaendeleaje? Nikaandika, yanaendelea vizuri mwanangu, asante. Mimi niliandika asante. Niliiga uandishi wa mwizi ili usigutuke. Ukajibu, ukaniita Baba. Nikaandika tena. Uliponiomba unisikie sauti, nilikuta yeye alishakwambia kipaza sauti cha simu kimeharibika, nami nikasema bado hakijapona. Nimeshikana ukuta na fundi wa simu, na nikakwambia hakijapona. Wale wote nimewaambia kwamba mwizi alijifanya mimi. Hakuna niliyemwambia kwamba mimi nami nilijifanya mwizi.

Mambo yangeishia kwenye aibu yangu tu ningenyamaza, nisikufiche. Lakini nilikwenda kituo cha polisi kuripoti, na askari wa mezani akaniuliza, mzee, kuna yeyote aliyetuma pesa? Kama yupo aje yeye mwenyewe na zile jumbe, aje mapema, maana namba iliyopokea inaweza kufungwa wakati bado kuna kitu. Nikasema hakuna. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimevua kofia, nikasema hakuna. Kwa hiyo pikipiki yako imeibwa mara mbili, na mara ya pili mwizi anaitwa baba yako.

Sasa fanya haya leo, kabla hujakasirika vizuri. Nenda polisi wa huko na zile jumbe zote, usifute hata moja, hata zangu za baadaye, wasome tu waone nilivyo. Waambie watu wa kampuni yako ya simu namba uliyoitumia pesa, na uwaulize kama kuna laini nyingine imesajiliwa kwa jina lako. Waambie na benki. Mama Chaja anasema aliye na picha ya kitambulisho cha mtu anaweza kukopa kwa jina lake, na wadai wakamfuata yeye mlangoni. Badilisha maneno yako ya siri, weka mlango wa pili. Halafu nipigie. Kipaza sauti ni kizima. Nikipokea nikakusemesha vizuri, kata, huyo si mimi.

Uliniandikia kwamba mwisho wa mwezi mnakuja wote. Ulisema unakuja kwa sababu nilisema nilikosea. Basi ujue hakuna aliyesema. Nisingependa uje na mkeo na watoto ukaketi kitini pangu kwa mwaliko wa yule mtu. Kufuli za betri bado naziona ni vitu vya kuchezea. Boksi nililitupa, na kifuniko kilifunguka chenyewe. Nimejaribu kuliandika hapa lile neno la mwizi kwa mkono wangu, nione kama litakaa. Nimelikwangua kwa wembe. Inua karatasi kwenye mwanga utaona mahali pamekuwa pembamba. Zaidi ya hapo sijui.

Chumba chako nimekipaka rangi kabla sijaanza barua hii. Nimenunua na godoro la watoto. Duka halipokei bidhaa iliyofunguliwa, na nailoni nimeshaichana. Usipokuja litakaa hapo hapo, mimi siwezi kulala juu yake, ni fupi.

Msalimie mkeo, mwambie simjui lakini nasikia sauti yake nyuma yako na ni sauti ya mtu mwenye subira. Wasalimie watoto. Shangazi yako anakusalimu, tangu nimtumie ile sauti ameanza kunisemesha, kwa kunisema. Mama Chaja naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi baba yako mzazi,

Mzee Kitasa